Nyoka wa Kutoka Kitengela Mpaka Kiserian

Sisi tuliokulia Kitengela kabla ploti hazijazungushiwa kuta tulikuwa na michezo ambayo watoto wa leo wakisimuliwa wanatutazama kwa huruma, kana kwamba tulilelewa bila viatu. Viatu tulikuwa navyo. Ila mvua ikinyesha hatukuviona tena, kwa sababu ule udongo mweusi wa kwetu ulivimeza mpaka kamba. Punda milia walikula nyasi nyuma ya choo, na upepo wa kiangazi ulitutilia vumbi kwenye githeri. Tulikula hivyo hivyo.

Mchezo nilioupenda kuliko yote aliuleta kaka yangu Wafula kutoka shule ya bweni. Mmoja anasimulia safari, wengine mnakuwa mashujaa ndani yake, na dadu za ludo ndizo zinaamua kama umeruka mto au umezama. Mama, mtu wa kanisa kweli kweli, aliposikia majoka yakitajwa sebuleni alisema, "Hii ni nyumba ya wokovu. Hao nyoka wenu wakae huko nje." Tukahamia chini ya tangi la maji: Wafula, mimi, na Lemayian, mtoto wa jirani yetu mfugaji.

Mimi nilikuwa mdogo wao, tena msichana. Walinikubali baada ya kuwalilia likizo nzima. Shujaa wangu aliitwa Nanjala, na alisafiri na punda wake. Sheria ilikuwa kali: shujaa wako akifa, umetoka mpaka likizo nyingine. Kwangu hiyo ilimaanisha kurudi jikoni kuchagua mawe kwenye mchele huku nikiwasikia wakicheka nje.

Siku moja Wafula akaleta joka pangoni. Hata dadu sikurusha.

"Imemeza punda, halafu ikakumeza wewe," akasema. "Umekufa, Nekesa. Toka."

"Hiyo nyoka ni kubwa aje?"

"Inatoka hapa mpaka Kiserian."

Nisiseme uongo, kwanza nililia. Kisha nikakataa kuondoka. Nikasema nyoka wa kufika mji mwingine hawezekani hata kwenye hadithi. Wafula, ambaye alipenda kushinda lakini hakutaka kuitwa mwizi, akasema nikimwonyesha kwa nini hawezekani, atarudisha mchezo nyuma.

Lemayian alikuwa amewahi kumwona chatu aliyemeza mbuzi wao kule mtoni. Urefu wake, alisema, ulikuwa kama kutoka tangi mpaka mlango wa jikoni. Tukamfinyanga chatu huyo mdogo kwa konzi moja ya udongo. Halafu tukafinyanga mwingine wa urefu mara mbili, lakini akatoka mwembamba kama mnyoo, hawezi kumeza hata panya. Ilibidi tumnenepeshe mara mbili pia, kwa upana na kwa kimo. Alipofanana na mwenzake, alikuwa amekula konzi nane. Tuliangaliana. Joka la urefu mara mbili tu lilikuwa na uzito wa chatu wanane, na tumbo la mbuzi wanane.

Tukajaribu kuongeza mara mbili tena. Beseni la mama la kufulia likajaa matope, na kelele alizopiga mama siku hiyo zilisikika barabarani. Kumbe kwa joka la kufika Kiserian udongo wa Kitengela yote usingetosha.

"Na ukame ikikuja, itakula nini hiyo?" Lemayian akauliza. "Hata sisi ng'ombe zinatuishia."

Wafula akacheka, akakubali. "Sawa, basi iwe hiyo ya mbuzi nane. Inatosha kumeza punda. Na wewe pia."

Hesabu yangu mwenyewe ilikuwa imenimeza. Nikakaa nikikwangua udongo kwenye kucha, karibu ninyanyuke niende jikoni, ndipo nikamuuliza Lemayian yule chatu wao alifanya nini baada ya kumla mbuzi.

"Ililala tu hapo. Tuliitupia mawe, haikusonga."

Nikamgeukia kaka. "Si ulisema ilianza na punda? Ikishashiba italala tu, kama ile ya kina Lemayian. Sasa mimi ingenimezaje?"

Wafula akanisukumia dadu. Nanjala alitoka pangoni akimlilia punda wake, lakini alitoka kwa miguu yake. Sikufurahi hivyo hata matokeo ya darasa la nane yalipotoka.

Siku hizi pale tangi lilipokuwa pamejengwa fleti. Watoto wangu wanapigana na majoka kwenye simu. Wanakufa na kufufuka kabla sijamaliza kukata mboga ya sukuma, na hakuna anayelia wala anayebisha. Nawaonea huruma kidogo, nao wananionea mimi. Lakini likizo iliyopita niliwapeleka kwa Lemayian, ambaye sasa anafuga huko Oltepesi. Simu zikaisha chaji, nikawafundisha mchezo wetu, na kufikia jioni walikuwa wakibishana mpaka mbwa wanabweka. Nilikaa pembeni nikisikiliza, moyo umejaa.

Binti yangu akaniuliza Nanjala aliishia wapi. Nikamwambia ukweli: Wafula alirudi bweni, akakua, na mchezo ule hatukuumaliza.

"Kwa hivyo hakukufa?"

"Hakukufa."

"Si basi ukuje ucheze," akasema, akisogea kunipa nafasi.