Siku ya Kula Katika Chama cha Mkuki

Enzi zetu pale Nsambya, skauti hakuingia Chama cha Mkuki kwa kutaka. Alichaguliwa na wenzake. Kilikuwa chama cha viongozi, skauti wanaoaminika, na alama yake ilikuwa mshipi mweupe, kutoka begani hadi kiunoni, umedariziwa mkuki mwekundu. Kitambaa kilitoka maduka ya Kikuubo, kigumu kiasi kwamba ukiuvua mshipi ulibaki umesimama peke yake ukisubiri amri. Mimi niliutaka kuliko nilivyotaka kufaulu mitihani, na mitihani yenyewe inaweza kutoa ushahidi.

Kiongozi wetu, Afande Okot, polisi mstaafu, alimtuma msaidizi wake Kato atutangazie. Kato alikuwa Muganda wa Kisugu. Kwake r na l zilikuwa pacha, ukimwita huyu anaitika yule.

"Vijana, Jumamosi ni siku ya kula viongozi! Msichelewe!"

Hatukushangaa. Kwa Kiganda hata ufalme huliwa: anayetawazwa husemwa ameula. Jumamosi tulifika kikosi kizima, kila mtu na sahani yake ya bati, matumbo matupu tangu jana. Mmoja alibeba ndoo.

Afande alitutazama kwa muda uliotosha kujenga kanisa.

"Nyinyi mnakuja kula nini?"

"Viongozi, Afande."

Akamgeukia Kato. "Mimi nilisema kura."

"Ndiyo, Afande. Kula."

Afande hakuwa mtu wa kupoteza vyombo. Tukaamriwa kupanga sahani chini na kuzipa mgongo, kisha tupite mmoja mmoja, kila mtu atie punje ya haragwe kwenye sahani ya anayemwamini. Haragwe la kwanza likagonga bati nyuma yangu. Yakafuata mengine. Nikachaguliwa.

Sasa mila. Aliyechaguliwa hufanya kazi kutwa bila kusema neno, na chakula chake ni kipande cha muhogo. Akifungua mdomo kusema, mshipi unakwenda kwa mwingine. Kura zetu zikapikwa, wakala walioshindwa. Tulioshinda kura tukakosa kula, tukafyeka uwanja huku tukinusa vitunguu.

Alasiri Mama akapita na wenzake wakitoka sokoni.

"Rajabu, umekula?"

Kimya.

"Wee Rajabu! Si nakuuliza wewe?"

Nikafyeka kwa bidii ambayo ingefika Entebbe kabla ya magharibi.

"Haya. Mtoto amerogwa," akawaambia wenzake. "Tena amerogwa na panga mkononi."

Kato akainua kijiko. "Mama, huyu amepata kula nyingi sana!"

"Basi mbona anakonda?"

Nikauma ulimi mpaka ukaniomba radhi. Jioni Afande akanivisha mshipi mbele ya kikosi.

Tangu mwaka ule mkuki wetu hudariziwa ndani ya duara. Ile ni sahani. Vijana wa leo husema ni jua, na wamelitungia maelezo marefu ya kupendeza. Siwasahihishi, jua nalo halishibishi. Kura wanapiga kwa simu, na aliyeshindwa hana hata sahani ya kuipa mgongo.

Mwezi uliopita nilipita uwanjani, nikawakuta wote wameketi, vichwa vimeinama, hakuna sauti. Moyo ukanijaa. Nikamwambia kiongozi wao, "Hongera, kijana. Siku ya kimya mnaiheshimu kutuzidi sisi."

"Siku ya kimya ni kesho, mzee," akajibu, macho kwenye simu. "Sasa hivi ni mapumziko."

Nikaketi pembeni, nikangoja angalau mmoja ainue kichwa amwite mwenzake.