Kazi Ilikuwepo, Mkono Ukaifuta

Saa mbili asubuhi, manyunyu ya Zomba, Malawi, hayajakatika, na Eluby Chikopa yuko kibandani mwake karibu na mahakama. Mteja anasimulia, yeye anachapa. Macho yake hayako kwenye vidole, yako usoni mwa mteja.

Eluby, miaka 43, huchapa maelezo ya kesi kwa kwacha 1,000 ukurasa. Siku njema hufikisha kurasa kumi na tano.

Anatumia programu ya kuandikia ya mtandaoni, inayohifadhi kazi yenyewe katika kumbukumbu ya kivinjari kila baada ya sekunde chache. Umeme wetu tunaujua, ukiondoka hauagi. Ukirudi, maneno unayakuta palepale.

Ila ana mwiko: mteja akishaondoka na karatasi zake, hufuta kumbukumbu yote ya kivinjari.

"Kibanda hiki kina siri za nusu ya mji," anasema. "Mtu aliwahi kusoma hapa talaka ya jirani yake. Niliona aibu sana."

Mwiko huo ndio uliomponza mwezi wa Juni. Mjane aitwaye Mama Nagama alikuwa amesimulia kwa saa tatu jinsi shemeji zake walivyomtoa ndani ya nyumba yake siku tatu baada ya mazishi. Karani wa mahakama alitaka maelezo hayo kabla ya saa kumi jioni, la sivyo kesi ingetupwa.

Saa sita umeme ukakatika. Mama akatoka kununua mandasi, maandazi ya kwetu. Umeme uliporudi, Eluby akawasha kompyuta, akaona kiti kitupu, na mkono ukafanya ulivyozoea: ukafuta kila kitu.

Akafungua programu tena: ukurasa mweupe.

Wyson, mpiga fotokopi wa jirani, akamnong'oneza: "Dada, sema ni umeme. Umeme hauna wa kumshtaki!"

Nani angebisha? Lakini Eluby hakuweza.

"Nilimwambia, Mama, umeme hauna kosa. Kazi ilikuwepo. Nimeifuta mimi."

Mama Nagama akaweka mandasi mezani. "We mwanamke, una wazimu?" Kisha akaketi. "Haya. Asubuhi nilikuwa nalia, nikawafichia majina. Sasa nina hasira. Andika majina yao, mmoja mmoja."

Walimfikia karani saa kumi kasoro dakika tano. Septemba mahakama iliamuru mjane arudishiwe nyumba yake.

Siku hizi Eluby hagusi kitu kabla ya kumuuliza mteja, "Nifute?"

Nilimuuliza kwa nini hakusingizia umeme. Akanijibu kwa kisa chake mwenyewe. Miaka kumi na moja iliyopita, mumewe alipofariki, naye alitolewa nyumbani na mashemeji, akiwa na sufuria mbili na blanketi. Hakushtaki, na hakutaka kumdanganya mjane mwenzake.

Jumapili hii amemwalika Mama Nagama kibandani, ili mjane huyo amsikilize Eluby akisimulia na kuchapa kisa chake mwenyewe.

"Najua nimechelewa. Huenda karani akanicheka," anasema. "Lakini ya Mama Nagama yalifutwa, akayasema tena. Yangu mimi sijayasema hata mara moja."