Mikono Niliyoikalia

Manette ya mwanangu, kile kidude cha kubonyezea mchezo wa video, ikipata joto hunuka plastiki, nami kimawazo narudi utotoni, ukumbi wa parokia, kule Musonoi kwenye machimbo ya shaba. Mwalimu alitupanga wawili wawili mbele ya televisheni: mmoja afanye hesabu za mchezo, mwenzake abonyeze jibu, ndipo daraja lijengeke kwenye kioo. Asubuhi nilikuwa nimemsaidia mama kuosha mawe ya shaba. Kijani cha mawe hayo kilibaki kwenye kucha zangu. Zamu yangu ya kubonyeza ilipofika, mwenzangu akaificha manette mgongoni.

“Mama mwalimu, kwabo banaoshaka mawe. Atachafua.”

Mwalimu hakumkemea. Alinitabasamia tu.

“Basi weye endelea kuhesabu.”

Nikahesabu kwa sauti, mikono nimeikalia. Daraja likasimama. Wote wakapiga makofi, isipokuwa mimi.

Sasa mwanangu ananiita nije, mimi baba yake: “Tata, kuya tucheze!”

Naenda kunawa kwanza.