Magoti ya Kuni

Kuna siku moja ya ujana wangu ambayo siisahau, mjukuu wangu, nami nakusimulia leo kwa sababu jana nilikusikia ukiwaambia dada zako, waliokuja kukusaidia kumuuguza mumeo, "Acheni, nitaweza peke yangu." Kulikuwa na wageni, nikangoja mpaka leo.

Ilikuwa zamani za Wabelgiji, mji huu ukiitwa Elisabethville. Babu yako alikuwa mfanyakazi wa reli. Behewa lilimbana mguu, akalazwa hospitali, kidonda kikaoza. Mimi nilikuwa mgeni mjini, nimetoka Mitwaba juzi tu, na tumboni nilikuwa na mama yako. Nilipata chakula kwa kuuza kuni. Tulizikata msituni upande wa Kampemba, ambako siku zile nyumba zilikuwa hazijafika.

Kuni zina desturi yake. Mzigo mkubwa huwezi kuuinua mwenyewe mpaka kichwani. Mwenzako anakutwika, nawe unamtwika. Mimi sikutaka. Wenzangu wengi walikuwa wa Kasai, na sikupenda waseme kwamba yule wa Mitwaba anaomba-omba. Nikabuni ujanja wangu: naegemeza mzigo ubavuni mwa kichuguu, napiga magoti chini yake, nauvuta kichwani, kisha nasimama polepole. Nilijiona nina akili nyingi. Kusali kwenyewe nilikuwa nimeacha. Kanisani nilikwenda, maana watu wanaangalia, lakini moyoni nilijiambia kwamba mikono yangu ndiyo itakayotuvusha.

Basi alasiri moja mvua inakuja, wenzangu wametangulia, nikapiga magoti, nikauvuta mzigo, na kusimama kukanishinda. Tumbo lilikaza. Kuutupa mzigo niliogopa, maana ungeniangusha kifudifudi juu ya mtoto. Nikabaki pale, shingo inatetemeka. Niliogopa sana, mwanangu. Sala zote nilizofundishwa misheni zilinipotea. Nilisema tu, "Mungu, nguvu zangu zimeisha. Mtoto huyu nishikie Wewe."

Aliyekuja ni Mama Kapinga, mjane wa Kasai, mkubwa kuliko sisi sote. Alitazama nyuma njiani akaona sipo, akarudi. Aliutua mzigo, akaniketisha, akaniwekea mkono tumboni mpaka mtoto akacheza. Ndipo akaanza, wala hakupandisha sauti.

"Nani alikutwika?"

"Hakuna muntu, mama. Nilijitwika miye mwenyewe."

"Kila siku unafukama, unapiga magoti sababu ya kuni. Sababu ya Mungu unafukama siku gani?"

Nikaanza kunyanyuka, akaniketisha tena.

"Nguvu yako iko kidogo, binti, na ya miye pia iko kidogo. Ule mutoto haiko wa nguvu yako. Umuombe Mungu kila asubui. Na akikutumia bantu, usibafukuze."

Kuanzia siku ile wanawake walinitwika mizigo midogo, nami sikukataa. Asubuhi nilipiga magoti kabla ya kutoka nyumbani. Mama yako alizaliwa mzima, mwenye kelele nyingi, na mpaka leo hajapunguza. Babu yako alikufa. Nilimwombea kwa maneno yaleyale, naye akafa, nikalia mpaka majirani wakachoka. Kwa hiyo sikuambii kwamba ukisali mumeo atapona. Sijui. Ninachojua ni kwamba baada ya maziko niliamka, nikamnyonyesha mtoto, nikafagia mlangoni, na nguvu ile haikuwa yangu. Yangu nilikuwa nimekwisha kuuona mwisho wake.

Basi nasaha yangu ni hii. Mumeo amelala mgonjwa, nyumba iko mabegani mwako, na kazi lazima ifanyike, sikuzuii. Ila usijifanye wewe ndiye mungu wa nyumba hiyo. Mwambie Mungu ukweli kwamba huwezi, umwambie mapema, kabla hujaanguka, na dada zako wakigonga mlango uwafungulie. Mungu akushike mikono yote miwili, ampe mumeo usingizi mwema, na lolote litakalokuja likukute uko pamoja Naye.