Mawe ya Kwenye Matete

Bomba liko uani kwangu hapa Manyamanyama, hatua kumi kutoka jikoni, na bado sipendi kuinama kukinga maji bila mtu nyuma yangu. Wanangu wananicheka. Wacheke tu, wao hawakuchota maji kwenye matete.

Kijijini kwetu, kwenye rasi iliyoingia ziwani nje ya Musoma, hakuna aliyechota maji peke yake. Mmoja aliingia hadi magotini na debe lake, mwenzake akabaki ukingoni na mawe mkononi, macho kwenye maji. Maji yakitikisika vibaya, anarusha mawe na kupiga kelele, wewe unatoka mbio. Kisha mnabadilishana. Tuliita kusimamiana. Hata wanawake waliogombana, wasiosalimiana njiani, walisimamiana, kwa sababu mamba hakujali nani kamtukana nani.

Ilikuwa miaka ile ya unga wa njano, sabuni ikipatikana kwa kujuana. Kipindupindu kilitukuta hivyo hivyo, tunanawa kwa majivu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba alikufa siku ya pili. Mimi na mama tulipelekwa kambini, kwenye madarasa ya shule yaliyogeuzwa wodi, tukalala kwenye vitanda vilivyotobolewa katikati, na tukapona. Nilidhani kupona ndiyo mwisho wa habari.

Tulirudi na karatasi yenye muhuri, iliyosema hatuna tena ugonjwa. Balozi wetu wa nyumba kumi aliisoma mlangoni kwetu bila kuishika. Mama ndiye aliyemshikia mbele ya macho. Alisoma mpaka mwisho.

"Karatasi nimeiona," akasema. "Lakini hapo mwaloni, wanapochota wenzenu, msije. Mtachotaga kule kwenye matete, mpaka tuwaambie."

"Kule alikochukuliwa ndama?" mama akauliza.

"Watu wanaogopa, mama. Mimi nifanyeje?"

Mama alikuwa hawezi kufika hata chooni bila kushika ukuta. Kwa hiyo nilikwenda mimi, peke yangu, kila asubuhi. Niseme wazi: niliogopa mpaka tumbo likanisokota, nikadhani kipindupindu kimerudi. Nilipiga maji mara tatu kwa kitako cha debe, nikasikiliza, nikachota huku nikitazama matete, na nusu ya maji ikamwagika kwa mbio zangu. Tena upepo wa asubuhi ulivuma kutoka kwenye matete kwenda mwaloni, na maji nayo yalisukumwa huko huko. Kama tulikuwa na sumu, basi waliinywa yote. Mimi mtoto niliona hilo, na watu wazima hawakuliona, au waliliona wakanyamaza.

Hazikupita wiki nyingi, mke wa balozi akaugua. Alipelekwa kambini, akapona, akarudi na karatasi kama yetu. Wanawake wa mwaloni wakamkataza yeye pia. Asubuhi moja nilipomaliza kuchota, debe liko kichwani tayari, nikamwona anakuja kwenye njia ya matete, amekonda, khanga inamzunguka mara mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Utanisimamia?"

Nilimtazama. Nilikumbuka mumewe alivyosimama mlangoni kwetu na mikono nyuma. Nikampita na debe langu, na nikiri kwamba nilisikia raha. Nilitembea nikingoja kusikia akipiga maji. Sikusikia kitu. Nilifika kwenye shamba la kwanza la mihogo, bado kimya, na kimya kile kikanitia hofu kuliko matete yenyewe. Nilitua debe, nikarudi mbio, nikijiambia nimemuua mtu.

Alikuwa amekaa pale pale nilipomwacha. Debe lake lilikuwa kavu. Hakuwa amethubutu hata kulowesha kidole, mtu mzima yule, mama wa watoto sita. Nikaokota mawe.

Tangu siku hiyo tulikwenda pamoja. Aliponisimamia mimi, kwa mara ya kwanza tangu kambini nilijaza debe hadi juu na kurudi nyumbani nikitembea. Mama aliyaona maji yale akauliza nani kanisaidia. Nilipomwambia, akageukia ukutani. Mke wa balozi alikuwa na shabaha kweli. Tete likitikiswa tu na ndege, jiwe lilishafika.

"Unanikunjiaga uso kila siku," aliniambia asubuhi moja. "Una haki."

Sikumkunjia tena. Nilianza hata kuamka bila kuumwa tumbo.

Kisha kuna siku nilimkuta ametangulia. Alikuwa anaokota mawe na kuyarundika ukingoni, rundo limefika magotini kwangu, na bado anaongeza. Nilidhani ameota vibaya.

"Mawe yote haya ya nini, mama?"

"Chota tu, mwanangu."

Kesho yake hakuja. Nilimngoja mpaka jua likawa kali na mama nyumbani hana maji ya kunywa. Ndipo nilipotazama ng'ambo ya ghuba, mwaloni, nikamwona katikati ya wanawake wenzake, amezama hadi magotini, na mtu amemsimamia. Kumbe ameshaitwa arudi tangu jana. Sisi hakuna aliyekuja kutuambia lolote.

Niliyatazama yale mawe. Yalikuwa mazuri, ameyachagua yote ya kutosha kiganja changu. Nikapiga maji mara tatu kwa kitako cha debe, nikasikiliza, nikaingia, na nyuma yangu hapakuwa na mtu wa kuyarusha.