Mawe Tuliyoyarudisha Kilimani

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, kwenye miinuko ya nyuma ya Butiama, nilikuwa kijana, nimeolewa, na nina hasira. Kule tulikotoka, upande wa Bunda, nilimwacha mtoto wangu wa kwanza kaburini, nyuma ya nyumba. Hakuna aliyeniuliza kama niko tayari kumwacha.

Kazi yetu wanawake ilikuwa kusomba mawe ya msingi wa ghala la pamba. Katibu wa kijiji alituonyesha rundo kilimani, mawe yamepangwa duara, pana kuliko zizi la ng'ombe. "Mawe ya bure haya," alisema. Asubuhi ile niliteremsha matatu. Sifichi, niliyabeba kwa kichwa changu mwenyewe.

Niliporudi kuchukua la nne, nilimkuta mama mmoja, mwenyeji wa pale, amesimama mbele ya rundo na jembe lake begani. Alituambia ni kaburi. Waliolala humo ni watu wa kale mno, walikuwapo kabla koo za wenyeji hazijafika, wala hakuna ajuaye walisema lugha gani.

"Sisi tukipitaga hapa tunaongezaga jiwe," alisema. "Kupunguza, hapana."

Katibu alicheka. "Kaburi la nani? Nitajie jina."

"Na wewe nitajie jina la babu wa babu wa babu yako. Hujui. Kwa hiyo hakuzikwa?"

Nilishuka mpaka kwenye msingi, nikaokota jiwe langu moja, nikapanda nalo. Halafu la pili. Shingo iliniuma, maana mzigo wa kupanda si sawa na wa kushuka. Nilipopandisha la tatu, nyuma yangu walifuata wanawake sita, kila mmoja na jiwe lake. Wanawake wengine walikuwa wamewasha moto juu ya jabali la kando ya mto, walimwagie maji lipasuke, tupate mawe mengine. Ghala lingejengwa, tena kwa jasho letu.

Katibu alitoa daftari na kalamu.

"Wewe ndiye uliyeanza! Unakwamisha maendeleo. Nakuandika uitwe tarafani."

"Andika vizuri, ndugu katibu," nilimwambia, na jiwe bado liko kichwani. "Andika kwamba mwanangu nilimwacha kule kwa amri yenu, trekta la shamba la ujamaa likapita juu ya kaburi lake, mkapanda pamba juu yake. Siku ile sikuwapo. Leo nipo."