Mabenchi Arobaini ya Bwana Futi

Liberatus Kalinga hakuwa na haja ya kubeba futi, maana futi alizaliwa nayo. Shubiri ya mkono wake wa kushoto, kuanzia ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, ilikuwa inchi tisa kamili, bila kuzidi wala kupungua. Mkono wa kulia ulishika penseli, wa kushoto ulitambaa juu ya ubao kama kiwavi, na akifika mwisho alitaja hesabu huku macho yameshahamia ubao mwingine. Katika kiwanda cha mbao milimani juu ya Mbeya, alikofanya kazi miaka tisa, msimamizi mmoja mgeni alimbishia siku ya kwanza. Akatoa futi ya chuma, akamfuata nyuma akipima upya kila ubao. Alipofika ubao wa thelathini akairudisha futi mfukoni, akasema, "Basi, futi ni wewe." Jina likamganda hapo hapo: Bwana Futi. Hata mkewe, Evarista, akienda sokoni aliitwa Mama Futi, naye hakulipenda hata kidogo.

Sasa, mtu akipewa jina kama hilo hulivaa, na Kalinga alilivaa mpaka likambana. Ukimwambia, "Hebu pima kwa futi tuhakikishe," alikutazama kama umemwomba avue suruali.

Mwaka hamsini na nne, msimu wa mvua, ubao mbichi uliteleza karibu na msumeno. Kabla hajauvuta mkono, kidole cha mwisho kilikuwa kimekwenda zake, na kiganja kimechanika mpaka karibu na kifundo. Alilia, kwa nini nifiche? Msumeno hauna mzaha. Lakini alikuwa mtu wa kicheko, na baada ya wiki mbili wodini alikuwa anawaambia wagonjwa wenzake kwamba tangu sasa akihesabu kwa vidole atakuwa anaishia tisa, kwa hiyo wasimkopeshe kumi.

Ikaja karatasi ya fidia. Sheria ya fidia kwa walioumia kazini ilikuwa na orodha yake: jicho kiasi gani, mguu kiasi gani, kidole gumba kiasi gani. Kidole cha mwisho kilikaa huko mkiani. Karatasi ya Kalinga iliandikwa hivi: kidole kimoja, cha mwisho, mkono wa kushoto. Kovu la kiganjani halikuandikwa, maana kwenye ile orodha hapakuwa na mahali pa kuliandika. Fidia yenyewe ilitosha randa moja, msumeno wa mkono na nauli ya lori kutoka Mbeya mpaka kwao Iringa. Kiwandani walikuwa wameshampata mpimaji mwingine.

Kovu lile lilipokauka likavuta ngozi, na mkono ukawa haufunguki wote. Kila mtu aliliona hilo isipokuwa mwenye mkono. Au tuseme ukweli: kuna pembe fulani moyoni ambako alilijua, ila alikuwa hapiti huko.

Wa kwanza kuumia alikuwa Evarista. Kalinga alimtengenezea kitanda kipya cha kufurahia kurudi nyumbani, kitanda kizuri cha mninga, kimepigwa randa kikang'aa. Evarista alipolala, miguu ikatokeza nje mpaka karibu na magoti.

"Baba Juliana," akasema, "kitanda kifupi."

"Si kifupi. Shubiri nane na nusu, kama vitanda vyote nilivyotengeneza."

"Sasa mbona miguu yangu iko nje?"

"Labda umerefuka. Kule Mbeya ulikuwa unakula ndizi nyingi."

Evarista alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, na kurefuka alikuwa ameacha zamani. Akamtazama mumewe, akautazama mkono, akaweka kigoda cha kuegeshea miguu mwisho wa kitanda. Maneno mengine akayaweka akiba.

Kalinga alipata mahali pa kufanyia kazi nyuma ya duka la Mrisho, mfanyabiashara wa vitambaa, ambaye babu yake alitoka pwani na bidhaa kichwani akaishia kuoa Iringa. Mrisho alikuwa na ulimi mtamu na mkali kwa pamoja. Siku moja alimletea Kalinga ile fimbo yake ya kupimia kitambaa, yadi moja kamili, yenye alama za inchi.

"Ndugu yangu Kalinga, kaa nayo hii. Mimi ninayo nyingine."

"Ya nini?"

"Ya kuchapia kuku," Mrisho akajibu. "Ya kupimia, bwana! Ile rafu uliyonitengenezea haifiki ukutani."

Kalinga alinuna siku mbili. Fimbo akaitumia kufungia dirisha.

Basi, mwanzoni mwa mwaka hamsini na sita zikaja habari mbili kwa mpigo. Ya kwanza: ukumbi wa mikutano wa mjini umepakwa chokaa upya na unataka mabenchi arobaini, kazi apewe Kalinga. Ya pili: Mheshimiwa mmoja, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la kule Dar es Salaam, anakuja Iringa kusikiliza maoni ya watu. Baraza lilikuwa linajadili kubadilisha sheria ya fidia, na Mheshimiwa alitaka kuwasikia walioumia wenyewe. Mkutano ungefanyika katika ukumbi ule ule, juu ya mabenchi yale yale.

Kalinga akajiandikisha kusema. Hamu ilimpanda mpaka akawa anahutubia mbao. Hakuwa na nafasi nyingine: kama Mheshimiwa angeondoka bila kumwelewa, karatasi yake ingebaki na kidole kimoja mpaka anazikwa.

"Utasema nini?" Evarista akamwuliza, akichochea ugali.

"Nitasema kidole changu hakikuwa kidole cha hivi hivi. Kilikuwa kidole cha kazi. Wakipandishe kwenye orodha."

"Na mkono?"

"Mkono una nini?"

"Mkono haufunguki, Baba Juliana. Sema mkono."

Kalinga akaweka bakuli chini. "Nikisimama mbele ya mji mzima nikasema mkono wa Bwana Futi haupimi tena, kesho nani ataniletea kazi? Utaniletea wewe?"

Evarista akaupakua ugali kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mabenchi yakatengenezwa. Kimo shubiri mbili, urefu shubiri nane, yote arobaini. Alipima kila kipande kwa mkono wa kushoto, na kwa kuwa mkono ule ulikosea vile vile kila mara, mabenchi yalilingana kama mapacha. Ukiyatazama yamepangwa hukuona kasoro yoyote. Na hakuna aliyeyakalia, maana vanishi ilipakwa siku moja kabla ya mkutano, na Kalinga mwenyewe alisimama mlangoni akiwafukuza watu.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Walikuwepo vibarua wa mashamba ya tumbaku, madereva wa malori, wakulima waliotoka Ruaha Mbuyuni, na mzee mmoja Msangu aliyetoka Chimala na mguu wa mti. Wakaingia kwa heshima, wakasalimiana "Kamwene, kamwene," wakakaa.

Lo! Walikwenda chini kama waliochuchumaa mtoni. Magoti yakapanda mpaka kidevuni. Benchi lililotakiwa kukaa watu watano likakaa watatu, na wa nne akaning'inia nusu tako. Mzee wa Chimala akaunyoosha mguu wake wa mti ukamgonga mgongoni aliyekaa mbele. Watu wakaanza kucheka kwa pua.

Halafu akaingia Mheshimiwa. Alikuwa mtu mrefu, mrefu wa kuinama mlangoni, na suti imepigwa pasi ikakakamaa. Wakamwekea benchi nyuma ya meza kuu, na meza ilikuwa ile ya zamani yenye kimo chake cha halali. Mheshimiwa akakaa. Akazama. Kilichobaki juu ya meza kilikuwa kichwa tu, kimetulia pale kama boga gulioni, miwani ikiwatazama wananchi.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata karani wa boma alijifunika uso kwa faili.

"Naomba kuuliza," kile kichwa kikasema kwa upole. "Mabenchi haya ametengeneza nani?"

Mrisho akakohoa, macho darini. Kalinga alikuwa mstari wa pili na masikio yanamwaka, akapima kwa macho dirisha lililo karibu, akaona hatapita.

"Mimi, Mheshimiwa," akasema akisimama. "Liberatus Kalinga. Mbao zilikuwa mbichi. Zimenywea."

"Zimenywea zote sawasawa?" Mheshimiwa akauliza.

Kicheko kingine. Nyuma, kwenye safu ya wanawake, mtu akasimama. Kalinga hakuhitaji kugeuka kumjua. Alimjua kwa mwendo wa kanga.

"Mheshimiwa, mimi mke wake," Evarista akasema. "Nilalapo miguu yangu iko nje ya kitanda mwaka mzima sasa. Namwomba mume wangu apime shubiri yake juu ya meza hiyo mbele yako. Apime tu. Mimi nimemaliza." Akakaa, au tuseme akaanguka, maana benchi lilikuwa mbali kuliko alivyotegemea.

Afisa wa Kazi, aliyekaa kando, akatoa futi mkobani akailaza mezani. Kalinga akasogea. Akauweka mkono wa kushoto kando ya futi, gumba kwenye sifuri, akaukunjua. Akaukunjua mpaka kovu likawa jeupe na jasho likamtoka. Kidole cha pete kikasimama kwenye inchi sita na nusu. Akasukuma. Hakikusogea.

Akauangalia mkono ule kitambo. Kicheko kilikuwa kimekwisha ukumbini, na aliona haya na uchungu, lakini pia, ajabu, alijiona mwepesi, kama mtu aliyeshusha gunia alilolibeba akisema si zito.

"Mheshimiwa," akasema. "Nilikuja hapa kuwadanganya. Nilitaka kusema mkono wangu mzima, ni kidole tu. Si kweli. Mkono huu ulikuwa unapima inchi tisa gizani. Sasa haufunguki, na mimi nikakataa kuujua. Karatasi inasema nimepoteza kidole. Kidole nisingekililia. Nimepoteza kazi ya mkono mzima, na ushahidi wangu mmeukalia nyote."

Pale palipigwa makofi, nakwambia, na watu wengine walishindwa kusimama kupiga makofi kwa sababu ya yale mabenchi. Mheshimiwa akaandika kurasa mbili, karatasi imeinuliwa usawa wa paji la uso. Alipomaliza akavutwa juu na watu wawili.

"Bwana Kalinga," akasema, "maneno yako nimeyaandika. Lakini kule kuna wenzangu wagumu. Naomba benchi moja niende nalo."

Benchi likafungwa juu ya gari, likashuka mlima kuelekea Dar es Salaam, na watoto walilifuata mbio mpaka nje ya mji.

Miezi ikapita, na Kalinga hakupata usingizi mzuri. Kila gazeti lililofika, Mrisho alilisoma barazani kwa sauti ya mwadhini, kwanza bei ya kahawa, ndipo Baraza, kwa makusudi ya kumtesa. Siku moja akaruka bei ya kahawa. Mjumbe mmoja, akasoma, alisema orodha inatosha, na kidole ni kidole popote. Mheshimiwa wetu akajibu kwamba kuna benchi varandani, na yeyote anayeamini fundi yule wa Iringa amepoteza kidole tu, akalikalie wakati wa mapumziko. Gazeti likaandika kwamba wajumbe walicheka. Likaandika pia kwamba baada ya mapumziko marekebisho yalipita: daktari asiangalie tu kilichokatika, aangalie mkono unaweza kufanya nini, na wenye karatasi za zamani wapimwe upya.

"Soma tena," Kalinga akasema.

"Nasoma mara ya tatu hii, mwenzangu."

"Soma tena, Mrisho."

Akasoma tena.

Kalinga akapimwa upya, na karatasi mpya ikaandikwa: mkono wa kushoto, haufunguki. Alipotoka bomani na fidia yake alipitia dukani akanunua futi ya mbao ya kukunja, mpya, yenye bawaba za shaba. Kazi ya kwanza ya futi ile ilikuwa kitanda. Evarista akajilaza, akanyoosha miguu yote miwili, bado pakabaki nafasi ya shubiri, akacheka mpaka machozi.

Yalibaki mabenchi thelathini na tisa ambayo ukumbi haukuyataka. Kalinga alikuwa anafikiria kuyapasua kuni alipokuja Mwalimu Danieli wa shule ya misheni, shule ya madarasa ya chini, watoto wa miaka saba na minane ambao siku zote walisoma miguu ikining'inia hewani. Mwalimu akaleta watoto watatu, akawakalisha. Nyayo zao zikatua sakafuni barabara, na mmoja akagoma kuinuka.

"Nayachukua yote," Mwalimu akasema. "Na unitengenezee mengine thelathini. Lakini tafadhali, kipimo kile kile, usinibadilishie."

Kalinga akaitoa futi yake mpya mfukoni, akaikunjua, akaitazama. Halafu akaikunja, akampa Evarista aliyesimama kando amshikie. Akaulaza mkono wa kushoto juu ya ubao, akaufungua mpaka unapofikia, wala hakuusukuma.

"Moja," akahesabu. "Mbili. Kata hapo."